Mashine ya Santuri Niliyoichagua kwa Kuinyanyua

Mimi vitu navichagua kwa kuvinyanyua. Chungu nakinyanyua, sufuria nainyanyua, jembe nalinyanyua. Hata vijana waliokuja kuposa hapa kwangu, ningekuwa na nguvu ningewanyanyua kwanza nione kama kuna kitu ndani. Darasani sikukaa sana. Nilifika pale pa kuandika jina langu na kusoma kitabu cha sala, baba akasema ndama hawajichungi wenyewe, nikarudi machungani. Lakini mikono yangu imesoma, tena imesoma sana.

Ndiyo maana sebuleni kwangu hapa Maisaka, Babati, ipo mashine ya santuri ambayo wajukuu wanaigombea na mimi bado ninapumua. Mmoja amekuja juzi kutoka Dar es Salaam, ameipiga picha mbele, nyuma na kwa chini, kisha akaniambia, "Bibi, hizi watu wanazitafuta kama madini. Ulijuaje kuchukua hii?"

Nikamwambia, "Niliinyanyua."

Alicheka, akadhani bibi anatania. Basi nimekaa nisimulie, maana nikifa watasema aliichagua babu yao. Babu yao aliitaka ile nyingine.

Ilikuwa ile miaka ya foleni. Waliokuwepo wanajua, na ambao hawakuwepo hata uwaeleze vipi wanaona unawatungia hadithi. Dukani kulikuwa na rafu na mwenye duka, basi. Sabuni ilikuwa jambo la kusimuliwa. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai, na shati jeupe la kanisani likageuka rangi ya uji. Betri za redio zikiisha tulizianika juani kama mahindi, zikapata nguvu ya kusoma taarifa ya habari mpaka katikati, halafu msomaji anakata roho na hujui nchi imefikia wapi.

Katika hali hiyo binti yangu mkubwa akapata mchumba. Kijana mzuri wa Mutuka, mkulima, familia ya kanisani, miguu minene. Kila kitu kilikuwa sawa ila kimoja. Harusi za miaka ile zilikuwa kimya. Bendi haiji kwa sababu gari halina mafuta, redio haina betri, watu wanakula makande wanaangaliana, wanashukuru, wanaondoka. Binti yangu alihudhuria harusi ya rafiki yake kule Singe, akarudi amenuna. Akaniambia, "Mama, nilisikia watu wakitafuna. Nilisikia kabisa meno. Na yangu itakuwa hivyo?"

Nikamwambia, "Yako watu watacheza mpaka mavumbi yafike Kwaraa." Kwaraa ni huo mlima ulio mgongoni mwa mji wetu. Nilisema tu. Sikuwa na hata filimbi.

Mume wangu alikuwa dereva wa mradi mmoja wa kilimo. Bosi wake alikuwa Mzungu, mtaalamu wa udongo, mtu mpole mwenye soksi ndefu, na muda wake wa kukaa nchini ulikuwa unaisha. Jioni moja mume wangu akaja na habari kwamba yule Mzungu anataka ng'ombe. Anataka kuwachinjia wafanyakazi wake wote wale washibe kabla hajaondoka, na fedha yake haimsaidii, kwa sababu nani wakati ule alitaka fedha? Utaipeleka duka lipi? Alikuwa tayari kutoa vitu vya nyumbani kwake.

Mimi nilikuwa na dume. Dume langu mwenyewe, uzao wa mtamba niliyepewa na baba yangu nilipoolewa. Kwetu kule Mbulu juu tulikotoka, ng'ombe wa namna hiyo hata mume anamwomba kwa adabu.

"Mama watoto," akaanza kwa sauti ya asali, "nafikiria tuombe matairi."

"Ya gari gani, baba watoto?"

"Si tutapata gari siku moja."

"Siku hiyo ikifika tutaomba matairi. Ana kitu gani kinachopiga muziki?"

Akasema kwa shida, "Anazo mashine za santuri. Mbili. Moja yake, nyingine ya mwenzake aliyetangulia kuondoka."

Nikajifunga khanga vizuri, tukaenda.

Zile mashine zilikuwa zimewekwa pamoja juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya fedha, ina vitufe kama vifungo vya kanzu ya askofu, ina taa nyekundu inayopepesa, na ukibonyeza kitufe mkono wake unanyanyuka wenyewe, unatambaa mpaka kwenye santuri, unashuka, wimbo unaanza. Mume wangu alifungua mdomo. Aliibonyeza, akaibonyeza tena, akacheka kama mtoto aliyeona sarakasi.

Ya pili ilikuwa nyeusi na ubao wa kahawia. Haina taa. Ina kitufe kimoja cha kuwashia. Mkono wake unaunyanyua wewe mwenyewe kwa kidole na unaushusha wewe mwenyewe, taratibu, ukikosea ni juu yako. Pembeni imevaa mkanda mwembamba wa mpira, unaotoka kwenye mota ndogo na kulizungusha lile sinia la chuma ambalo santuri inalala juu yake.

Nikaomba ruhusa nikanyanyua ile ya fedha. Debe tupu. Nikainyanyua ile nyeusi. Weee! Nilipanua miguu kama ninabeba gunia la mbaazi.

"Ninachukua hii," nikasema.

Mume wangu akanivuta pembeni. "Mama watoto, hiyo nyingine inajipiga yenyewe!"

"Ndiyo maana siitaki. Ina akili nyingi. Siku ikipoteza akili, hapa Babati nani ataitafutia? Umeshindwa kupata bolti ya baiskeli tangu Pasaka, utapata vitufe? Hii haina akili. Ina uzito, na mkono wa kunyanyulia ninao."

Yule Mzungu alikuwa anasikia Kiswahili kuliko tulivyodhani. Alicheka mpaka miwani ikateleza. Akaja akalizungusha lile sinia kwa kidole, akazima mota, tukalitazama linaendelea kuzunguka peke yake, kimya, halina haraka. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuruka ruka kwamba uzito ndio unaofanya wimbo usiyumbe, na mkanda wa mpira umewekwa makusudi ili mtetemo wa mota usifike kwenye sindano. Alisema ameiunga kwa betri ya gari, kwa kuwa umeme wa mjini kwetu ulikuwa wa kubahatisha. Kisha akanihesabia maadui wa mashine kama daktari anayekukabidhi mgonjwa: vumbi, jua, kutikiswa. Sindano ni hiyo moja, akasema, na ukiilemea itaimaliza santuri, ukiipa wepesi mno itaruka. Uzito wake nimeshaupima, akasema, usiuguse. Nikaitikia yote. Nilikuwa nimelea watoto wagumu kuliko hiyo.

Dume langu akaenda, mashine ikaja, pamoja na betri yake, spika zake, ampilifaya na sanduku la santuri. Ile ya fedha aliichukua mwenye duka mmoja wa karibu na stendi, mzee Mwislamu mcheshi, asili yake pwani huko lakini amekulia hapa hapa. Aliiweka dukani kwenye rafu iliyokuwa haina kazi, akawa anaipiga wapita njia wakiangalia ule mkono unaotambaa. Nikipita ananiita: "Mama Harusi! Nasikia umenunua mashine ya kusagia! Inakoboa pia?"

"Inakoboa wenye maneno mengi," ninamjibu.

Jioni ya kwanza mashine ilipiga nyumbani kwangu vizuri hata sijui nisemeje. Mle sandukuni kulikuwa na santuri moja ya dansi, tarumbeta nyingi. Ukifumba macho wapiga tarumbeta wako pale sebuleni, unajua nani kasimama kushoto na nani amekaa. Mama mkwe wangu, aliyekuwa na nyumba yake hapo hapo uani, alikuja na mkongojo wake akasikiliza wimbo mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu: "Hii imekuja kukaa au kutembea?"

"Imekuja kukaa, mama."

"Haya," akasema, akarudi kwake.

Kesho yake asubuhi nilikuwa shamba. Mchana mwenye duka akafika na mume wangu, amekuja kupima mashine yangu na yake. Nikapuliza santuri, nikaiweka, nikashusha sindano kwa madaha yote niliyonayo.

Jamani. Ilitoka sauti ya kiboko wa ziwani kwetu, yule mkubwa anayelalamika akikuta watu kwenye maji. Tarumbeta zikanguruma. Mwimbaji akawa mzee, akawa mgonjwa, akasimama katikati ya neno, kisha akaruka mbele kama aliyechomwa mwiba, akachoka tena.

Mwenye duka akashika mbavu. "Mama Harusi, mwimbaji wako amelewa! Mpe maji!"

Mume wangu hakucheka. Aliichomoa betri akairudisha, akakaza nyaya, akaipiga konzi. Kiboko akaendelea. Basi hapo hapo, mbele yangu, wale wawili wakaanza kupanga. Mwenye duka alikuwa na sukari, sukari kweli, ilikuwa imefichwa mahali, siulizi. Alizitamani spika zangu. Akasema ile mashine yangu mbovu na spika zake ziende kwake, naye atatoa sukari ya chai ya harusi nzima, na siku yenyewe atakuja na ile ya fedha kupiga muziki.

"Ni sawa kabisa," mume wangu akasema. "Sukari tunapata, muziki tunapata, na hili jiwe lako linatoka ndani."

"Jiwe langu limetokana na dume langu," nikasema. "Na muziki ukiisha Jumamosi, yeye anaondoka na mashine zote mbili. Sisi tunabaki na nini? Vikombe vyenye sisimizi?"

"Haipigi, mama watoto!"

"Ilipiga jana."

Tukabishana mpaka mwenye duka mwenyewe akaona aibu, akatafuta kofia yake ambayo ilikuwa kichwani. Mwisho mume wangu akakata shauri: nisipoifanya ipige kabla ya saa kumi ya Ijumaa, siku ya kuamkia harusi, inakwenda dukani. Nikakubali. Sikuwa na namna. Lakini nilikuwa nimemwahidi mwanangu vumbi lifike Kwaraa, na nilikuwa nimetoa dume mbele ya ukoo mzima, na nilijua nikishindwa nitaitwa Mama Kiboko mpaka kaburini.

Walipoondoka nikakaa nayo chini kama ninavyokaa na mtoto mwenye homa. Nikaigusa huku na huku. Nikalinyanyua lile sinia, nikaliweka pembeni. Nikainama kuangalia mkanda. Pua yangu ikaniambia kabla ya macho.

Samli.

Nikaupitisha mkanda kati ya vidole: unateleza kama kambare. Umepakwa, tena kwa mapenzi, kote, ndani na nje. Nikatoka moja kwa moja mpaka nyumba ya uani. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Imepiga?"

"Mama, ile mashine mmeipaka kitu?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kama mvua hulowesha. "Sasa? Ulisema imekuja kukaa. Kitu kinaingia nyumbani kwangu kikavu, hakuna aliyekipaka hata tone? Wewe ulipofika hapa hatukukupaka siagi kichwani? Ulikaa, hukukaa?"

"Nilikaa, mama."

"Niliitafuta ngozi yake nipake, nikakuta ni chuma na mbao. Ngozi ilikuwa ile tu." Akaonyesha kwa kidole umbo la mkanda, duara. "Nikaipaka. Tena samli safi, si ya kupikia."

Nifanye nini? Nilitaka kulia, nikacheka. Nilicheka nikakaa chini kwenye maganda ya maharage. Ni kweli, kwetu mgeni wa heshima, bibi harusi, hata mtoto aliyepona, anapakwa. Ile mashine ilikuwa imepokewa kama mkwe. Hakuna mashine nyingine nchini iliyopewa heshima ile, na ndiyo iliyokuwa inaiua.

Nikamweleza kwamba ule mkanda kazi yake ni kushika, na ukiteleza, mota inazunguka bure sinia likibaki nyuma. Akaelewa haraka kuliko mwanawe. Uso ukamwanguka. "Basi ioshwe," akasema.

Ioshwe kwa nini? Hiyo ndiyo miaka yenyewe. Sabuni hakuna. Nilijaribu majani ya mpapai, mkanda ukawa na samli na ukijani. Nilijaribu jivu, nikaogopa litaukwaruza. Nikaenda zahanati kuomba spiriti, muuguzi akaniambia, "Mama, sindano tunachemsha kwa kuni, wewe unataka spiriti ya muziki?" Nikarudi nimeinamisha kichwa. Mkanda mwingine wa namna ile haukuwepo Babati, wala Arusha, na pengine hata huko Ulaya mtu angeuagiza angesubiri.

Siku ya Ijumaa asubuhi mama mkwe akaja ndani na kitu chini ya khanga. Akaangalia mlangoni, akaangalia dirishani, akatoa kichupa kilichofungwa kwa gunzi la hindi.

"Hii ni dawa ya magoti," akasema.

Nikafungua gunzi. Machozi yakanitoka kwa harufu. Ilikuwa gongo, kali ya kuwashia moto.

"Mama! Na rozari shingoni!"

"Nimesema ya magoti. Ninajichua."

"Mnajichua kwa nje au kwa ndani?"

"Osha mkanda wako, wewe mtoto!"

Nikakata kipande cha shati kuukuu, nikalowesha, nikaupangusa mkanda polepole. Samli ikatoka. Nikalowesha tena, mama mkwe akawa anaugulia kila tone linapodondoka sakafuni, "Polepole basi, polepole, usimwage kama maji." Nikapangusa na pale mkanda unapopita kwenye sinia na kwenye kile kigurudumu cha mota. Nikauanika kivulini. Ulipokauka nikaushika: unashika kama mkono wa mtoto anayeogopa sindano. Nikauvisha, nikarudisha sinia, nikashusha sindano.

Tarumbeta! Safi, zimesimama, kila moja mahali pake! Mama mkwe akatupa mkongojo. Binti yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, na marafiki zake waliokuwa wamekuja kupika wakamfuata, wakaanza kucheza hapo hapo sebuleni.

Sasa, watu wa kwetu hawachezi kwa kiuno tu. Wanaruka. Wanasimama wima kama nguzo na kuruka, ardhi inajibu. Waliporuka mara ya kwanza, sindano nayo ikaruka. Wimbo ukahama, kutoka mwanzo ukaenda mwisho, bibi na bwana wa kwenye wimbo wakaachana kabla hawajakutana.

Mume wangu akaingia akiwa amefurahi na amekasirika kwa pamoja. "Nimeona kwa watu," akasema, akatoa sarafu mfukoni akaiweka juu ya mkono wa mashine, pale kwenye sindano, ilemee isiruke.

Nikaiondoa. "Unataka kulima santuri kama kwa plau? Yule Mzungu alisema nini?"

"Basi waambie wageni wasiruke!"

"Kwenye harusi ya mwanangu, watu wasiruke?"

Nikatoka nje kupata hewa. Uani alikuwa anapita jirani, ametoka kuteka maji, ndoo imejaa mpaka mdomoni, njia ina mawe, naye anatembea huku ananisalimia na kugeuza shingo, na hakuna tone lililomwagika. Nikamjibu salamu macho yangu yakiwa kichwani kwake. Ngata. Ile ngata ya kitambaa kati ya kichwa na ndoo. Miguu inajikwaa, kiuno kinayumba, ngata inameza yote, maji yanalala.

Nikarudi ndani mbio. "Baba watoto, lile tyubu kuukuu la lori uliloficha chini ya kitanda lipo?"

"Sikulificha. Nimelihifadhi."

"Lilete."

Tulilijaza upepo kidogo tu, likawa laini kama shavu, likalala sakafuni mviringo kama ngata ya jitu. Juu yake nilitaka kitu kizito na bapa. Ubao ulicheza. Mlango ulikuwa mrefu. Ndipo mama mkwe akasema, kwa sauti ndogo, "Chukua jiwe langu."

Lilikuwa jiwe lake la kusagia, alilosagia ulezi tangu alipoolewa, limelika katikati kwa mikono yake. Alikuwa hamruhusu mtu kulikalia, sembuse kulihamisha. Mume wangu na vijana wawili wa jirani walilibeba, wanahema, wakaligeuza upande wa chini ulio bapa ukatazama juu, wakaliweka kwenye tyubu. Juu yake mashine. Juu ya sinia nikaweka sahani ya maziwa nione upande gani yanakimbilia, nikapenyeza vipande vya ngozi chini ya miguu ya mashine mpaka maziwa yakatulia katikati. Sahani ikatoka, santuri ikaingia.

"Rukeni," nikasema.

Wakaruka. Vikombe vikagonga kabatini. Picha ya Bikira Maria ikapinda. Ile mashine ilitikisika kidogo sana, kama mtu anayeitikia kwa kichwa, na wimbo ukaendelea mpaka mwisho.

Mwenye duka alifika saa kumi na mkokoteni wa kubebea mashine yangu. Alisimama nje, akasikiliza. Akaingia, akaangalia tyubu, akaangalia jiwe, akaangalia wasichana wanaoruka. Akavua kofia.

"Mama Harusi," akasema, "ile yangu kila lori likipita inaruka. Na tangu juzi ule mkono umekwama hewani, unaangalia tu, haushuki wala haurudi. Nimeubonyeza mpaka kidole kimeota sugu."

"Akili imepotea," nikasema.

"Imepotea. Sasa wewe njoo unitengenezee ngata kama hii, labda nitaushusha kwa mkono. Na sukari nitaleta kesho, ni zawadi ya bibi harusi."

"Na ule mkokoteni?"

"Ule... umenileta mimi."

Harusi ilikuwa Jumamosi baada ya misa. Tulifungua madirisha yote, spika zikatazama uani, mashine ikabaki ndani juu ya jiwe lake, mbali na jua na vumbi. Niliweka kiti pembeni yake na sikutoka. Kila santuri niliigeuza mimi, kila mara sindano niliishusha mimi. Waliotoka Mutuka walikuja wengi, wote miguu minene kama bwana harusi, na walipoanza kuruka niliwahurumia wanaoishi chini ya ardhi. Vumbi lilipanda. Siwezi kusema lilifika Kwaraa, lakini kutoka dirishani kwangu Kwaraa haikuonekana.

Binti yangu alikuja mpaka dirishani na shela lake la kuazima, jasho linamtoka, akapaza sauti, "Mama! Sisikii mtu anatafuna!"

Nje nilimsikia mume wangu anawaeleza wazee wa upande wa pili: "Mashine yetu hii ni nzito, siyo hizi za vitufe. Ndiyo tuliyoichagua."

Nikatoa kichwa dirishani. "Yangu! Wewe ulitaka matairi!"

Wazee wakacheka, naye akacheka kuwazidi wote, akanyoosha mikono juu kama mtu aliyekamatwa, akaenda kuruka na wenzake.

Wakati ule ndipo mama mkwe aliingia, taratibu, na kibuyu chake kidogo. Nikaruka kutoka kwenye kiti nikaikinga mashine kwa mwili wangu wote. "Mama, nawaomba, mkanda usiguswe!"

"Nani anataka mkanda wako? Inama."

Nikainama. Akachovya vidole, akanipaka samli utosini, katikati ya nywele nilizozisuka kwa shida, ikashuka mpaka kwenye paji la uso na mpaka kwenye gauni langu jipya la harusi. Santuri ilikuwa imefika mwisho. Nikajifuta mikono vizuri kwenye khanga, kila kidole, kisha nikaigeuza.